Django kwa Mwanamke Anayeanzisha Biashara ya Programu: Inafaa Wapi, Inakwama Wapi

Mhasibu aliyefunga hesabu za mwezi kwa miaka kumi anajua jambo asilolijua mwandishi wa programu aliyehitimu jana: ni safu ipi kwenye lahajedwali ambayo kila mtu huijaza kwa kubahatisha. Muuguzi anajua ni fomu ipi hujazwa mara tatu na isisomwe na mtu. Mtunza ghala anajua kwa nini hesabu ya daftarini haikubaliani na mali iliyo kwenye rafu. Mwanamke wa namna hii anapoacha kazi yake na kuanzisha biashara ya programu, bidhaa tayari anayo kichwani. Anachokosa ni mikono na muda. Kwa hiyo chombo atakachojengea tunakipima kwa swali moja: kinamwondolea kazi kiasi gani isiyohusiana na ujuzi wake?

Kwa kipimo hicho, Django ndiyo tunayompa kwanza. Ni fremuweki ya Python, lugha ya kuandikia programu; fremuweki ni kiunzi kilichokwisha kuunganishwa, na hiki ni cha kujengea programu zinazotumika kwenye kivinjari. Ni ya bure, chini ya leseni ya BSD, na maana yake kwa mfanyabiashara ni nzito: unaweza kuuza ulichojenga, ukaufunga msimbo wako usionekane na mtu, na hudaiwi ada yoyote. Sifa zake tutazitaja bila kusita. Lakini Django hukulinda vizuri sana dhidi ya mwizi wa nje, na hukulinda kidogo mno dhidi ya makosa ya biashara unayoyaandika mwenyewe. Makosa hayo ndiyo yanayofukuza wateja, na ndiyo yaliyochukua nafasi kubwa katika tathmini hii.

Asili yake inaeleza tabia yake. Ilianzia mwaka 2003 katika chumba cha habari cha gazeti moja la Lawrence, Kansas, nchini Marekani, mikononi mwa Adrian Holovaty na Simon Willison, ikatolewa kwa umma Julai 2005. Jina limetoka kwa mpiga gitaa Django Reinhardt, na herufi D ya mwanzo haitamkwi. Mhariri wa gazeti hakusubiri wiki mbili. Alitaka ukurasa leo jioni, na alitaka mwandishi asiyejua kompyuta aweze kuingiza taarifa mwenyewe. Ndiyo maana Django huja na ukurasa wa usimamizi uliokwisha kutengenezwa, akaunti za watumiaji, fomu zinazojikagua, na njia ya kubadilisha hifadhidata bila kuibomoa. Instagram ilijengwa juu yake, hivyo hofu kwamba biashara yako changa itaizidi nguvu iweke kando kabisa.

Tumia toleo la 5.2, lililotoka Aprili 2025. Hilo ni toleo la huduma ndefu: linapata marekebisho ya usalama kwa miaka mitatu, hadi Aprili 2028. Matoleo ya kawaida hutoka takriban kila miezi minane na huduma yake huisha mapema. Mtu anayefanya kila kitu peke yake hana sababu ya kuyakimbiza.

Kabla ya amri ya kwanza, chukua karatasi. Mwaka 1962 Stephanie Shirley alianzisha kampuni ya programu huko Uingereza, wafanyakazi wake wengi wakiwa wanawake walioandika programu nyumbani kwa kalamu, kisha karatasi zikatumwa kwa posta zikatobolewe kwenye kadi au utepe. Barua zake za kutafuta kazi zilianza kujibiwa alipozitia sahihi kwa jina la Steve. Karatasi ile haijapitwa na wakati. Django imejengwa kuzunguka modeli, na modeli ni maelezo ya jedwali: ankara ina nini, mteja ana nini, nani ni wa nani. Ukikosea hapo, kila skrini utakayoandika baadaye itarithi kosa. Mhasibu au mtunza ghala huchora majedwali haya vizuri kuliko mwanafunzi wa kompyuta, kwa sababu ameyaishi.

Jambo jingine la karatasi: soma mkataba wa kazi unayoiacha. Mikataba mingi humpa mwajiri umiliki wa msimbo ulioandikwa katika saa zake au kwa kompyuta yake. Andika kwenye mashine yako, kwa muda wako, na usichukue orodha ya wateja wala data halisi kwa ajili ya majaribio. Ujuzi ulio kichwani ni wako. Faili si lako.

Kuiweka kwenye kompyuta hakuchukui muda. Unda folda, ingia ndani, tengeneza mazingira ya pekee ya Python kwa `python -m venv .venv`, yawashe, kisha `pip install "Django~=5.2.0"`. Alama hiyo ya wimbi huruhusu marekebisho madogo ya 5.2 tu, isije siku moja pip, kisakinishi cha Python, ikakuletea toleo jipya usilolitarajia. Halafu `django-admin startproject mfumo .`, na usiisahau nukta ya mwisho, la sivyo utapata folda ndani ya folda yenye jina lile lile.

Hapa ndipo pa mtego wa kwanza, na watu wengi hunasa. Mafunzo mengi hukuambia uendeshe `migrate`, amri inayounda majedwali kwenye hifadhidata, mara moja. Usiendeshe. Kwanza unda app, yaani sehemu moja ya mradi, ya akaunti, uandike modeli yako ya mtumiaji inayorithi `AbstractUser`, hata ikiwa ndani yake hamna kitu ila neno `pass`, uiorodheshe app hiyo kwenye `INSTALLED_APPS`, na uandike kwenye mipangilio `AUTH_USER_MODEL = "akaunti.Mtumiaji"`. Ndipo uendeshe `makemigrations` na `migrate`. Sababu ni kwamba majedwali mengi humfunga mtumiaji kwa uhusiano. Ukitaka kubadilisha modeli hiyo baada ya miezi sita, Django itakujibu kwa kosa la `InconsistentMigrationHistory`, na kulitengua ukiwa na data ya wateja ndani ni kazi ya siku kadhaa, tena ya kutetemesha mikono. Mistari miwili ya mwanzo inakuokoa.

Sasa fedha. Mtu anayetoka kwenye uhasibu atasikitika kuona ni mifano mingapi mtandaoni inayohifadhi bei kwa `FloatField`. Kompyuta hutunza namba hizo kwa njia isiyoweza kuiandika 0.1 kwa ukamilifu, jumlisha 0.1 na 0.2 kwenye Python upate 0.30000000000000004. Kwenye ankara moja haionekani. Kwenye jumla ya mwezi senti zinaweza zisikubaliane na benki, na mkaguzi wa hesabu atauliza. Tumia `DecimalField(max_digits=12, decimal_places=2)`. Hata hapo kuna jambo: aina ya Decimal ikiachwa ikadirie yenyewe, nusu huelekezwa kwenye tarakimu shufwa, hivyo 0.125 huwa 0.12. Kama sheria ya kodi inayokuhusu inataka nusu ipandishwe, iambie wazi kwa `quantize` na `ROUND_HALF_UP`, nayo itatoa 0.13. Amua pia kama unakadiria kila mstari wa ankara au jumla yake tu. Majibu hutofautiana, na kanuni ni lazima iwe moja mfumo mzima.

Na bei yenyewe isisomwe kutoka kwenye jedwali la bidhaa kila ankara inapofunguliwa. Inakili kwenye mstari wa ankara siku ya mauzo. Usipofanya hivyo, bidhaa ikipanda bei leo, ankara zote za mwaka jana zitapanda nazo.

Uhusiano kati ya majedwali hudai uandike `on_delete`, na mifano mingi huweka `CASCADE` bila kufikiri. Maana ya `CASCADE` ni hii: mfanyakazi akimfuta mteja mmoja, ankara zake zote zinafutika naye, na malipo yake pia. Kwa chochote kinachogusa fedha au rekodi za wagonjwa weka `PROTECT`, ambayo hukataa kufuta. Afadhali mtumiaji aone ujumbe wa kukataliwa kuliko wewe uamshwe usiku kutafuta ankara mia mbili.

Saa nazo zina kisa chao. Mradi mpya huanza na `TIME_ZONE` ikiwa UTC, saa ya marejeo ya dunia. Mteja aliye saa tatu mbele ya UTC akiuza saa saba usiku, `timezone.now().date()` humwandikia tarehe ya jana, na ripoti ya siku haitalingana na droo ya fedha. Weka `TIME_ZONE` iwe ya eneo la wateja wako na utumie `timezone.localdate()`, na kama wateja wako wamo katika maeneo ya saa tofauti, hifadhi eneo la kila kampuni kwenye jedwali lake na uliwashe kwa `timezone.activate` kila mtumiaji anapofungua ukurasa.

Maigresheni, yaani mafaili yanayobadilisha umbo la hifadhidata, ni sehemu ya Django tunayoithamini kuliko zote. Unabadilisha modeli, unaendesha `makemigrations`, nayo huandika mabadiliko. Lakini soma inachokuuliza. Ukibadilisha jina la safu, kwa mfano kutoka `tarehe` kwenda `tarehe_ya_malipo`, itauliza kama umebadilisha jina. Ukibonyeza Enter kwa haraka umejibu hapana, kwa sababu hilo ndilo jibu la kawaida, na kitakachoandikwa ni kuifuta safu ya zamani pamoja na data yake na kuunda nyingine tupu. Fungua kila faili la maigresheni kabla ya kuliendesha kwenye seva. Ukiona `RemoveField` usiyoikusudia, simama hapo hapo. Unapoongeza safu ya lazima kwenye jedwali lenye data, igawe kazi: kwanza iruhusu iwe tupu, kisha ijaze, kisha iweke kuwa lazima.

Ukurasa wa usimamizi, ambao wengi huuita admini, ndio unaomfanya mtu mmoja afanye kazi ya watatu katika miezi ya kwanza. Sajili modeli, taja safu za kuonyesha kwa `list_display`, za kutafutia kwa `search_fields`, za kuchujia kwa `list_filter`, na jioni hiyo hiyo unaweza kukaa na mteja wako wa kwanza mkapitia ankara zake za kweli. Hakuna chombo kingine tunachokijua kinachofika hapo haraka hivyo bila kukufunga baadaye. Kwa mwanamke aliyetoka kwenye fani fulani hii ni nafasi ya dhahabu: anaweka mbele ya wenzake wa zamani kitu kinachofanya kazi, nao humwonyesha kosa la utaratibu kabla hajaandika skrini hata moja.

Ila usimwuzie mteja admini. Waandishi wa Django wenyewe wanasema ni chombo cha ndani cha shirika. Ruhusa zake hutolewa kwa jedwali zima, si kwa mistari ya mteja mmoja mmoja, hivyo mtumiaji mwenye ruhusa ya kuona ankara anaona za kila kampuni. Tena hupungua kasi data ikikua: sehemu ya kuchagua mteja hupakia majina yote kwenye orodha, na yakifika elfu ishirini ukurasa unakwama. Dawa ni `autocomplete_fields`. Orodha inayoonyesha jina la mteja kando ya kila ankara nayo huweza kuuliza hifadhidata mara moja kwa kila mstari. Weka `list_select_related`, na kwenye kurasa zako mwenyewe `select_related`. Kwa orodha ya ankara mia moja, tofauti huwa ya maulizo 101 dhidi ya 1.

Kwenye usalama wa nje Django inastahili sifa zake. Maandishi ya watumiaji hunyamazishwa yasigeuke msimbo kwenye kurasa, maulizo ya hifadhidata hupitia njia inayozuia hila za SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, fomu hudai tokeni ya CSRF inayozuia tovuti nyingine kutuma fomu kwa jina la mtumiaji, na nywila hazihifadhiwi zilivyo bali huchakatwa kwa PBKDF2, njia ya kuzigeuza zisisomeke, mara 1,000,000 katika toleo la 5.2. Mtu anayeanza angehitaji mwaka mzima kuyajua yote haya na kuyaandika sawasawa, na huenda angesahau moja.

Isichokifanya ni kujua kwamba ankara namba 57 ni ya kampuni A, na kwamba mtumiaji wa kampuni B hana haki ya kuiona. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika biashara ya programu inayotumiwa na kampuni nyingi, na linaandikwa kwa urahisi wa kutisha: `get_object_or_404(Ankara, pk=pk)`. Mtumiaji anabadilisha 57 kuwa 58 kwenye anwani, anaona siri za jirani. Andika badala yake `get_object_or_404(Ankara, pk=pk, kampuni=request.user.kampuni)`, na ufanye hivyo kila mahali, hata kwenye orodha za kuchagua ndani ya fomu, ambako watu husahau: fomu ikiachwa na `Mteja.objects.all()`, wateja wa kampuni zote watajitokeza kwenye orodha. Kisha andika jaribio lenye kampuni mbili. Mtumiaji wa kampuni ya pili afungue kila anwani ya kampuni ya kwanza, na jibu liwe 404, yaani haipo. Kama una muda wa kuandika jaribio moja tu katika mradi mzima, liwe hili.

Kupandisha mradi kwenye seva ndiko wanaoanza wengi huchoka. Django haina lawama kubwa, ila huduma yake ya majaribio, `runserver`, hufanya mambo mengi kimya kimya ambayo seva ya kweli haiyafanyi. Ukiweka `DEBUG = False`, kama inavyotakiwa, admini hupoteza rangi na mpangilio, kwa sababu mafaili ya mitindo hayatolewi tena. Weka `STATIC_ROOT`, sakinisha WhiteNoise, maktaba ya kutolea mafaili hayo, endesha `collectstatic`. Usipojaza `ALLOWED_HOSTS` kwa jina la kikoa chako, kila mgeni atajibiwa 400, yaani ombi baya. Fomu zikijibu 403, yaani umekataliwa, baada ya kuwasha HTTPS nyuma ya Nginx, seva inayopokea wageni mbele ya Django, tazama `CSRF_TRUSTED_ORIGINS`, na kumbuka kuandika `https://` mbele ya jina. Mwisho endesha `python manage.py check --deploy`, ikuorodheshee iliyobaki.

Kuacha `DEBUG = True` kwenye seva si uzembe mdogo. Hitilafu ikitokea, ukurasa unaotoka huonyesha vipande vya msimbo na thamani zilizokuwemo kwenye vigeu wakati ule, na humo mnaweza kuwa na jina na namba ya simu ya mteja. `SECRET_KEY`, ufunguo wa siri wa mradi, nayo isiandikwe kwenye faili linaloingia Git, chombo kinachotunza matoleo yote ya msimbo. Kuifuta baadaye hakusaidii, kwa maana historia ya Git inaitunza, ikishavuja, ibadilishe.

Hifadhidata inayokuja na mradi ni SQLite, faili moja tu. Kwa kujifunza na kuonyesha kazi inatosha kabisa. Lakini huruhusu mwandishi mmoja kwa wakati, na watumiaji wakiongezeka utaanza kuona `database is locked`. Kabla ya mteja wa kwanza anayelipa, hamia PostgreSQL, hifadhidata inayoendeshwa kama seva, na ufanye majaribio yako juu ya hiyo hiyo. SQLite ni legevu kwenye aina za data, na msimbo uliopita kwake unaweza kukataliwa na PostgreSQL. Chelezo, yaani nakala ya akiba ya data, chukua kwa `pg_dump` kila usiku, kipelekwe kwenye mashine nyingine, na mara moja kwa mwezi kirejeshe kwenye hifadhidata tupu uhesabu ankara. Chelezo ambacho hakijawahi kurejeshwa usikihesabu kuwa kipo.

Malipo ya usajili usiyaandike mwenyewe, na namba za kadi zisikanyage seva yako hata kwa sekunde. Tumia kampuni ya malipo, uijaribu kwanza kwa akaunti ya majaribio. Kampuni hizo hutuma taarifa kwenye anwani yako malipo yanapokamilika, na hapo kuna mambo matatu yanayoharibika. Taarifa hukataliwa na ulinzi wa CSRF, hivyo anwani hiyo moja huwekewa `csrf_exempt`. Lakini ukiufungua mlango huo bila kukagua sahihi ya ujumbe, mtu yeyote anaweza kukuambia amelipa. Tena taarifa moja inaweza kufika mara mbili au zaidi, maana mtumaji akikosa jibu hurudia. Hifadhi kitambulisho cha kila taarifa kwenye safu yenye `unique=True`, ndani ya `transaction.atomic()` pamoja na kuongeza muda wa usajili, ili ya pili ikataliwe badala ya kumpa mteja miezi miwili kwa malipo ya mmoja.

Barua pepe za kuweka upya nywila Django huzituma yenyewe, lakini zikitoka moja kwa moja kwenye seva yako mpya zitaishia kwenye taka. Pitia kwa huduma ya kutuma barua, na uweke kwenye kikoa chako rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako. Watu hulifikiria hili siku ya mwisho, na ndiyo siku mteja anashindwa kuingia.

Kuhusu kujifunza. Nyaraka rasmi za Django ni miongoni mwa zilizoandikwa vizuri kuliko zote katika ulimwengu wa programu, na mafunzo yake ya kwanza yana sehemu nane zinazojenga programu ya kura. Anayetoka kwenye fani isiyo ya kompyuta, hata hivyo, tunamshauri aanze na mafunzo ya Django Girls. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 2014 na Ola Sitarska na Ola Sendecka, warsha ya kwanza ikafanyika Berlin. Mafunzo yao ni ya bure, yanaanzia kwenye maana ya terminali, hayadhani kwamba unajua chochote, na yanakufikisha kwenye blogu iliyo hewani. Warsha zenyewe hufanywa na watu wa kujitolea, na ukipata moja, nenda; faida kubwa ni kuketi na mtu anayekuonyesha jinsi ya kusoma ujumbe wa kosa kuanzia mstari wa chini kwenda juu. Yanachoacha mafunzo yote mawili ni yale yale: kampuni nyingi kwenye mfumo mmoja, fedha, malipo na chelezo. Kwa hiyo ukimaliza usirukie mafunzo ya tatu. Jenga ankara.

Kabla ya hapo jifunze Python kiasi cha kuweza kuandika bila kunakili: fanksheni, orodha, kamusi, madarasa, na kusoma faili la CSV, yaani jedwali lililoandikwa kama maandishi matupu. Fremuweki za JavaScript ziache kwa mwaka wa kwanza. Kurasa za kawaida za Django, zenye violezo na fomu, zinatosha kwa programu za ofisini, na wanunuzi wa programu hizo hawajali kama ukurasa umepakiwa upya.

Kuna biashara ambazo hatungezipa Django. Programu ya simu inayopaswa kufanya kazi bila mtandao inahitaji chombo kingine upande wa simu, na Django ibaki kuwa seva tu. Mazungumzo ya papo kwa papo na michezo vinawezekana, lakini utapigana nayo. Tovuti ya kurasa tano za matangazo haihitaji hifadhidata wala ukurasa wa kuingia. Kazi ndefu, kama kutuma ankara elfu moja kwa barua pepe, katika toleo la 5.2 hudai chombo cha pembeni cha kuendesha kazi nyuma ya pazia, kama Celery. Kwa kuanzia, amri yako mwenyewe ya `manage.py` inayoendeshwa na cron, kiratibu cha kazi cha seva, kila dakika tano inatosha, na huvunjika mara chache zaidi.

Kitu kimoja kiandike mapema kuliko unavyodhani: kitufe cha kupakua data. Mnunuzi makini huuliza kabla ya kulipa atazitoaje taarifa zake akitaka kuondoka, na kwa biashara ya mtu mmoja swali hilo ni la haki kabisa. Django inakupa nafasi ya kuandika CSV kwa mistari isiyozidi ishirini. Andika faili kwa `utf-8-sig`, la sivyo Excel huharibu majina yenye herufi za lafudhi. Namba za simu zinazoanza na sifuri Excel huzikata sifuri hiyo, hivyo toa na faili la XLSX ambalo safu ya simu imewekwa kuwa maandishi. Na kiini chochote kilichojazwa na mtumiaji kikianza kwa `=`, `+`, `-` au `@`, tanguliza alama ya nukuu moja, kwa sababu Excel inaweza kukiendesha kama fomula. Kisha lifungue faili hilo mwenyewe, linganisha jumla ya safu ya mwisho na jumla iliyo kwenye skrini, na usimtumie mteja kiungo mpaka senti ya mwisho ikubali.